KURUTA: NENO LILILOTULEA

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani,

Katika mikusanyiko yetu vijana waliomaliza shule karibuni huitwa “makuruta”, na baadhi yao huona wametukanwa. Naomba nafasi nieleze asili ya neno hili.

Kuruta limetoka katika Kiingereza, nacho Kiingereza kililichukua kwa Wafaransa katika karne ya 17. Shina lake ni kitendo cha kuota au kukua tena. Kwanza lilikuwa na maana ya nguvu mpya ya kujazia jeshi lililopungua, kisha likawa jina la askari mpya mwenyewe. Kwetu ulimi wa Mswahili ulidondosha silabi ya mwanzo na kupachika irabu, tukapata kuruta, wingi makuruta. Kuruta si kadeti, maana kadeti anaandaliwa kuwa afisa.

Hapa Tanzania neno hili lilienea nje ya kambi za askari kwa njia ya Jeshi la Kujenga Taifa, lililoundwa mwaka 1963. Serikali ilipotaka wasomi nao waende, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana tarehe 22 Oktoba, 1966, hasa kwa kuwa sehemu kubwa ya mishahara yao ingekatwa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, na yeye mwenyewe akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20.

Sisi tuliopita huko baadaye tunajua kuruta alikuwa nani. Mtoto wa mkulima na mtoto wa mkubwa walishika jembe moja, wakaitikia “afande” kwa sauti moja. Jina lilitusawazisha. Tena lilikuwa na mwisho: siku ya kufunga mafunzo ukuruta uliisha.

Lakini mwaka 1994 utaratibu wa lazima ulisimamishwa, ukarudishwa mwaka 2013. Wenzetu wengi waliomaliza kidato cha sita katika miaka hiyo hawakuonja kambi. Wao wamelisikia neno hili mtaani tu, likiwa na maana ya mtu asiyejua kitu.

Kwa hiyo nashauri hivi. Tumwite kijana kuruta siku anapoingia chamani, tumfundishe kazi, kisha tumpe kazi. Anayeitwa kuruta miaka kumi hana kosa; kosa ni la wakufunzi wake. Chama chetu kinapungua kila mwaka kwa vifo. Bila makuruta, kitakua tena kwa nani?