Kutoka Jina hadi Namba: Majedwali ya Rangi katika Uchapishaji wa Kompyuta

Kiswahili huipa rangi jina la kitu: kijivu hutokana na jivu, kahawia na kahawa, na manjano ni kiungo cha mapishi. Jina hilo huwatosha wanaokitazama kitu pamoja. Mpiga chapa hakuwa na bahati hiyo. Ndiyo maana kampuni ya Pantone, chini ya Lawrence Herbert, ilianza mwaka 1963 kutoa vitabu vya sampuli ambamo rangi ilitambulishwa kwa namba.

Mwaka 1985 printa ya LaserWriter na programu ya PageMaker ziliingia sokoni, na tatizo likachukua sura nyingine. Printa hiyo ilichapa nukta 300 kwa inchi, zote nyeusi. Kijivu kilikuwa kiini macho tu. Kwa wavu wa mistari 60 kwa inchi, kila kijisanduku kina nukta 5 kwa 5, yaani viwango 26, nyeupe ikiwemo. Picha ya biti 8 ina viwango 256. Kijivu cha kwenye kioo, basi, hakikuwa kijivu cha kwenye karatasi. Mwaka 1993 kampuni nane ziliunda International Color Consortium ili kila kifaa kiwe na faili ya wasifu inayokifungamanisha na vipimo vya CIE.

Mwanaistilahi anayebuni jina kwa kila kiwango cha kijivu anaziba pengo ambalo teknolojia yenyewe imeliziba kwa namba. Upungufu wetu uko kwingine: neno skrini linabebeshwa kioo cha kompyuta pamoja na wavu wa mpiga chapa.