Karafuu ya Zanzibar na Mnunuzi Mmoja

Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ya Zanzibar ilitunga sheria zilizomgusa kila mwenye mkarafuu Unguja na Pemba. Wenye mashamba wengi walikuwa wamezama katika madeni. Walikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi ili wawalipe wachumaji, wakaweka mashamba rehani, na bei ya karafuu ilipoporomoka pamoja na uchumi wa dunia, mavuno hayakutosha kulipa. Dola ikaingia kati. Ilizuia ardhi isiwatoke Waarabu na Waafrika kwa sababu ya deni, na ikakipa nguvu za kisheria Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichojulikana zaidi kwa herufi zake za Kiingereza, CGA.

Deni hilo halieleweki bila kuutazama uchumaji wenyewe. Karafuu haingoji mtu. Ikianza kugeuka nyekundu lazima ichumwe kabla haijachanua, la sivyo thamani yake imekwenda. Mchumaji hupanda juu, hulivuta tawi kwa upembo, hujaza pakacha. Jioni watu wa nyumba hukaa kitako kuchambua, karafuu huku, makonyo kule. Kisha huanikwa juani kwa siku kadhaa, na mvua ikinyesha jamvi likiwa nje, karafuu huvunda, hupauka na kushuka daraja. Wachumaji wanataka ujira wao msimu ungali unaendelea, na mwenye shamba hana kitu mpaka auze. Kwa hiyo mwenye fedha taslimu ndiye aliyekuwa na kauli juu ya bei, na miaka ile mwenye fedha alikuwa mfanyabiashara. Tumpe haki yake pia: bila mikopo yake karafuu nyingi zingeozea mtini, na ndiye aliyekuwa na wateja ng'ambo.

Mwaka 1937 serikali ilikwenda mbali zaidi, ikaipa CGA mamlaka ya kuhodhi ununuzi wa karafuu. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma kununua. Kule India chama cha Congress kikaunga mkono mgomo, na wenye biashara wa Bombay wakasusia karafuu ya Zanzibar. Serikali iliyokuwa ikisema inamlinda mkulima ilijikuta na ghala zilizojaa na mteja mkubwa aliyefunga mlango. Mapatano ya 1938 yaliwarudishia wafanyabiashara nafasi yao, CGA nayo ikabaki. Kwangu, huo ulikuwa mpango bora kuliko vyote vilivyofuata: kulikuwa na chombo cha umma cha kumwinua mkulima, na kulikuwa na wanunuzi wengine ambao chombo hicho hakikuweza kuwapuuza.

Mpango huo haukudumu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 biashara ya karafuu ikawa ya dola, na tangu 1968 ikawa mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Miaka ya 1970 bei ya dunia ilipanda vibaya sana, kwa sababu viwanda vya kretek, sigara zinazochanganywa na karafuu, huko Indonesia vilihitaji karafuu nyingi kuliko zilizolimwa kwao. Zanzibar ilijaa fedha za kigeni. Majumba ya Michenzani yalijengwa, televisheni ya rangi ikaanza kurusha matangazo kabla ya Tanzania Bara kuwa na kituo chochote. Sidharau mambo hayo. Watu wamelala na kulea watoto katika nyumba zile. Lakini mkulima wa Pemba, kisiwa kinachotoa karafuu nyingi zaidi, alipewa sehemu ndogo tu ya bei ile, na mashua zikaanza kuvuka usiku kwenda Kenya. Dola ikajibu kwa adhabu kali na kwa kikosi ambacho jina lake hadi leo linataja magendo: KMKM, Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo. Wakati huohuo mikarafuu ilizeeka na wengi hawakuona sababu ya kupanda mipya.

Miaka ya 1980 Indonesia ikajitosheleza, bei ikaanguka, na Zanzibar ikakosa mteja wake mkuu. Na wenzetu wa Indonesia hawakusalimika na kosa hilohilo la mnunuzi mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara ya karafuu huko ilihodhiwa na kampuni ya Tommy Suharto, mtoto wa rais. Ilidaiwa kuwa inamsaidia mkulima. Wakulima wakaumia, mpaka ikavunjwa mwaka 1998 kwa shinikizo la Shirika la Fedha la Kimataifa.

Mwaka 2011, chini ya Rais Ali Mohamed Shein, bei ya kununulia karafuu ilipandishwa hadi shilingi 15,000 kwa kilo, na ikatangazwa kuwa mkulima apate kama asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Magendo yakapungua sana. Bei ilifanya kazi ambayo doria za miaka mingi zilishindwa kuifanya, na iliyoipandisha ilikuwa serikali yenyewe. Kwa hiyo siungani na wanaotaka dola iondoke kabisa kwenye karafuu, maana anayekumbuka rehani za miaka ya 1930 anajua ni nani hushika nafasi hiyo. Ninachodai ni mnunuzi wa pili, wa halali, mwenye mizani yake na fedha zake. Asilimia 80 iliwekwa kwa uamuzi wa wakubwa, na uamuzi wa wakubwa wengine unaweza kuishusha. Siku hiyo mkulima wa Wete au Mkoani, kule Pemba, atahitaji mahali pengine pa kupeleka gunia lake mchana kweupe.