Batebe wa Toro Mbele ya Kamera
Kumbukumbu zake za mwaka 1989, Elizabeth wa Toro alizipa jina la binti mfalme, si la mwigizaji. Naona alikuwa sahihi. Uganda ilipofuta falme zake, Toro ikiwemo, mwaka 1967, Elizabeth, aliyekuwa Batebe, yaani dada rasmi wa Omukama (mfalme), alibaki na heshima isiyo na baraza. Uanamitindo, kisha filamu kama *Sheena* (1984), iliyorekodiwa Kenya, vilimpa mahali pengine pa kuibeba Toro hadharani. Wapo watakaosema milango ilifunguliwa na damu tu. Ni kweli Margaret, dada wa Malkia wa Uingereza wa wakati huo, ndiye aliyemwalika kwenye maonyesho ya mavazi. Lakini uwakili wa Uingereza aliupata mwaka 1965, kwa kusoma, na ukoo haujibu maswali ya sheria.