Malango ya Mji wa Simbamwene

Rudewa iko kaskazini-mashariki ya Kilosa, katika njia iendayo Msowero na Dumila. Mgeni afikaye huko kutafuta lango la kale la mji, mfano wa yale yaliyojengwa na wafalme wa Kimoguli katika Delhi na Lahore, hatalipata. Vijiji vya uwanda ule na vya milima ya Ukaguru na Usagara vililindwa katika karne ya 19 kwa boma za miti na miiba, na mti ukichimbiwa ardhini huoza, ukaliwa na mchwa, usibakize hata alama. Walakini katika nchi hizo zilizopitwa na misafara ya Bagamoyo palikuwa na mji mmoja uliozungushiwa ukuta wa mawe, wenye malango yaliyomshangaza mgeni aliyekuwa amekwisha kuiona Uajemi. Mji huo ni Simbamwene, uliokuwa kando ya mto Ngerengere, chini ya milima ya Uluguru, mahali unapoenea leo mji wa Morogoro.

Maelezo mapana ya mji ule yametoka kwa Henry Morton Stanley, aliyepita hapo katika mwezi wa Aprili 1871 akienda kumtafuta Livingstone. Asema kwamba mji ulikuwa wa pembe nne, na katika kila pembe ulisimama mnara wa mawe. Malango yalikuwa manne, kila moja likielekea upande mmoja wa dunia, katikati ya mnara na mnara. Ukuta ulitobolewa matundu ya bunduki, safu mbili. Eneo lote alilikadiria kuwa nusu maili ya mraba, nyumba yapata 1,000, na watu yapata 3,000. Akaongeza kwamba katika safari yake ya maili 950 katika Uajemi, ukiacha miji mikuu, hakuona mji uliojengewa ngome nzuri kuliko huo. Na hata ile mikuu kuta zake zilikuwa za udongo.

Sifa hizo zafaa kupimwa kabla ya kukubaliwa. Nusu maili ya mraba ni eka 320; mji wa pembe nne wenye eneo hilo hauna budi kuwa na ukuta wenye urefu wa karibu maili 3. Kuusimamisha ukuta kama huo kwa mawe ni kazi kubwa mno kwa watu 3,000, wakiwamo watoto na wazee. Tena nyumba 1,000 katika eka 320 ni nyumba tatu tu kwa eka. Ama ndani ya ukuta palikuwa na mashamba na uwanda mwingi, ama Stanley, ambaye kalamu yake haikuwa na uchoyo wa kukuza mambo, aliongeza kipimo. La pili lina nguvu zaidi. Hata hivyo kosa la kipimo halibatilishi habari ya malango yenyewe, kwa kuwa hayo aliyaeleza kama mtu aliyesimama mbele yake akayatazama.

Malango yalifungwa kwa milango mizito ya mbao za mti ambao Wazungu wa zama zile waliuita msaji wa Afrika, jina ambalo aghalabu hupewa mvule. Mbao zilichorwa nakshi za Kiarabu, ndogo ndogo na zenye kusokotana. Stanley alidhani kwamba milango ilitengenezwa Unguja au pwani, ikachukuliwa ubao kwa ubao hata Simbamwene. Lakini papo hapo akakiri kwamba huenda ikawa kazi ya mafundi wa hapo hapo, maana katika nyumba kubwa za mji aliona milango mingine ya namna ileile, ila nakshi zake hazikufikia zile. Ushahidi huo wa mwisho ndio wenye uzito. Mvule huota katika nchi za Morogoro. Hapakuwa na haja ya kuwatwika wapagazi mbao kutoka Bagamoyo, kupita Ukwere na mito yake. Chepesi zaidi ni kwamba aliyesafiri ni fundi, na patasi yake mfukoni, akachonga huko huko mfaa, miimo na vizingiti. Na fundi asafiripo, maneno ya kazi yake husafiri naye. Kwa hiyo malango ya Simbamwene yawahusu wachunguzi wa lugha kama yanavyowahusu wachunguzi wa majengo.

Mwenye mji alikuwa Kisabengo, mtu ambaye asili yake husemwa kuwa ni Uzigua. Kwa habari alizozipata Stanley, hakuzaliwa katika ukoo mkubwa. Alikuwa na nguvu za mwili na ufasaha wa kusema, na kwa hayo watumwa waliotoroka walimfuata, wakamfanya kiongozi wao. Sultani wa Unguja alipomtafuta ili amwadhibu, alikimbilia Ukami, akapigana na wenyeji hata wakamwachia bonde la Ngerengere. Hapo ndipo alipojenga. Basi ukuta ule ulianza kuwa kinga ya watu waliokimbia minyororo. Lakini Kisabengo huyo huyo akawa mtekaji wa watu, jina lake likaogopwa Ukami, Udoe na Ukwere. Lango lililofungwa usiku ili mtumwa wa jana asirudishwe kwa bwana wake lilifunguliwa asubuhi kuwaingiza mateka wapya. Habari hii haipendezi kusimulia, wala haifai kufichwa na wale wanaopenda kuusifu mji kwa mawe yake.

Katika uzee wake Kisabengo aliliacha jina lake lililochafuka, akajiita Simbamwene kwa jina la mji. Na alipokaribia kufa alimrithisha binti yake mkubwa utawala pamoja na jina lile. Stanley alilifasiri kuwa ni mji wa simba, yaani mji wenye nguvu kupita yote. Tafsiri hiyo haitoshi. Mwene katika lugha nyingi za Kibantu ni bwana au mtawala, na ni ndugu wa mwenye na mwinyi ya Kiswahili. Huyo aliyemwekea Carl Peters alama katika hati huko Usagara, katika Desemba 1884, Wajerumani walimwandika Muinin Sagara, yaani Mwinyi Sagara: neno lile lile kwa matamshi mengine. Simbamwene basi ni simba aliye bwana, cheo cha mtu kwanza, kisha ndipo jina la mahali.

Binti huyo ndiye aliyetawala Stanley alipopita. Alidai hongo, kama walivyodai watawala wote wa njia ile. Na askari watatu wa Stanley waliporudi nyuma kumfuata mpishi aliyetoroka, alitia mkono akawafunga. Hawakuachiliwa mpaka Sheikh Thani, mfanyabiashara wa Kiarabu, alipowaombea.

Utawala wake haukudumu. Kisabengo alikuwa amechimba mfereji ili kuleta maji ya mto karibu na mji, na kazi hiyo ilikuwa fahari yake. Katika masika ya 1872, mwezi uleule ambao tufani ya tarehe 15 Aprili iliharibu mikarafuu ya Unguja, Ngerengere ilifurika ikaufuata mfereji. Stanley, akirudi pwani, alikuta ukuta wote wa mbele umechukuliwa na maji pamoja na nyumba zipatazo 50. Binti Kisabengo amekimbia, na mto umejifanyia njia mpya yadi 300 kutoka mjini. Malango ya Delhi hayakukutwa na maji: lile liitwalo la Kashmiri, kwa kuwa lilielekea nchi hiyo, lilivunjwa kwa baruti na Waingereza tarehe 14 Septemba 1857, mwaka ambao Burton na Speke waliingia bara kwa mara ya kwanza. Lakini lango hilo laweza kuonekana hata leo, na alama za mizinga zimo katika mawe yake.

Simbamwene haina lango la kuonyesha. Atokaye Rudewa leo hupita Dumila na Dakawa, akaingia Morogoro kwa barabara ya lami, bila kuona tope za uwanda wa Mkata zilizowatesa wapagazi wa Stanley, ambazo sehemu yake imo katika mbuga ya Mikumi iliyowekwa mwaka wa 1964. Reli ilifika Morogoro mwaka wa 1907, na mji ukageuza uso wake kuielekea stesheni. Kingo, wa ukoo wa Kisabengo, aliyekuwa mtawala hapo Wajerumani walipofika, ameacha jina lake katika kata ya Kingo. Ngerengere yapita bado.