Disko ya Anga

Mwaka 1977 kundi la muziki la Ufaransa liitwalo Space lilitoa "Magic Fly", na mtayarishaji Giorgio Moroder akamtengenezea mwimbaji Donna Summer "I Feel Love" kwa sauti za sintesaiza. Mkondo huo wa disko ulipozaliwa upya Oslo, Norwei, miaka ya 2000, mikononi mwa wanamuziki Lindstrøm, Prins Thomas na Todd Terje, wapenzi wake waliuita kwa Kiingereza "space disco". Sisi tuuiteje?

Wapo watakaosema "disko ya anga za juu", kwa kuwa ndiko roketi ziendako. Mimi nachagua "disko ya anga". Anga si uwazi ulio juu yetu tu. Maana yake nyingine ni nuru. Ndugu zake ni mwanga, angaza na angavu. Na nuru ndiyo inayokosekana Oslo mwezi Desemba, mchana unapodumu saa sita hivi na baridi kuwafungia watu ndani.

Sikiliza "Where You Go I Go Too" ya Lindstrøm, ya mwaka 2008, yenye karibu dakika 29. Mdundo haukimbii, sauti za kinanda zinaongezwa moja baada ya nyingine, hadi chumba kinakuwa kipana na mwili unapata joto la kucheza. Mtu aliyezingirwa na theluji anapewa vyote viwili: nafasi na nuru. Kiswahili kinavibeba katika neno moja la silabi mbili. Tulitumie.