Karamu ya Hadithi Uani mwa Kanisa

Katika kurasa za kitabu hiki msomaji atakuta majina ya wachungaji waliotutangulia, hesabu za waliobatizwa na habari za ujenzi wa kanisa. Mimi naandika juu ya jambo dogo ambalo halikuingizwa katika taarifa yoyote iliyopelekwa jimboni, yaani karamu ya hadithi ambayo usharika wetu, ungali mdogo, uliwaandalia watoto wa majirani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Naliandika kwa hiari, ingawa halinipi sifa.

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Miongoni mwa waliowafuata alikuwa Bruno Gutmann, aliyekuja mwaka 1902 na kutumika miaka mingi Kidia, Old Moshi, hata alipoondoka mwaka 1938. Gutmann alifundisha kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu aliwafungamanisha watu navyo kabla Injili haijahubiriwa mlimani, na kwamba Kanisa halina budi kujengwa juu yake. Tulipomsoma chuoni tulimbishia sana. Tulimwona mtu aliyependa mambo ya kale kupita kiasi. Lakini ndiye aliyekaa chini akasikiliza. Mwaka 1914 hadithi alizozikusanya kwa Wachagga zilichapwa huko Leipzig, kwa Kijerumani. Basi hadithi zetu zikawa katika kitabu ambacho wajukuu wa wasimulizi hawawezi kukisoma, na huku usharikani bibi zetu wakaambiwa kwamba ni mambo ya giza, afadhali wayaache.

Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989 bei ilianguka, na nyumba nyingi hazikuweza kununua hata daftari, sembuse kitabu cha hadithi. Mwaka 1991 ulianzishwa nchini Mradi wa Vitabu vya Watoto. Baada ya hapo mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alirudi kutoka Dar es Salaam na vitabu vichache vya picha ndani ya kikapu, akaliomba baraza la wazee siku moja ya kuwasomea watoto wote wa kitongoji, Walutheri, Wakatoliki na Waislamu, kila mmoja aje amevaa kama mhusika wa hadithi aipendayo.

Wazee walicheka, wakakubali. Mzee mmoja alitaka tu kujua kama fisi naye atahitaji cheti cha ubatizo.

Ugumu ulikuwa kwingine. Vitabu vingekwisha kabla chakula hakijaiva, hivyo mwalimu akapendekeza aitwe bibi mmoja aliyekaa chini ya mfereji, msimulizi mashuhuri. Bibi huyo aliolewa mke wa pili, naye alikuwa ametengwa na Meza ya Bwana kwa miaka mingi. Nilipinga. Nilisema aliye chini ya nidhamu ya Kanisa hawezi kupewa nafasi ya kufundisha watoto katika kiwanja cha Kanisa. Mzee yule yule akaniuliza, “Baba Mchungaji, kusimulia hadithi ni kufundisha? Kama sivyo, mwache asimulie. Kama ndivyo, sisi sote tulifundishwa na bibi kama huyo, na bado ukatukuta kanisani.” Sikuwa na jibu. Tukaafikiana asimulie nje, chini ya mringaringa.

Siku ya karamu akina mama walipika kiburu na chai kwa ndizi na maziwa yaliyotoka katika mnada wa Jumapili. Kuku walichinjwa na jirani yetu Mwislamu, ili pasiwe na mtoto wa kukaa pembeni wengine wakila. Walikuja sungura wengi wenye masikio ya maboksi, na mafisi waliojifunga majani makavu ya migomba. Mvulana mmoja alijitanda shuka, akasema yeye ni samaki aliyemmeza Yona.

Bibi hajamaliza hadithi ya kwanza, mvua kubwa ikanyesha. Watoto wakakimbilia kanisani, sungura na mafisi pamoja, wakajaa mabenchi ya mbele. Bibi alifika mlangoni akasimama. Nilimwita aingie. Akasema, “Hapa pananitosha, Baba.” Akaendelea kusimulia pale pale kizingitini, huku mvua ikimlowesha mgongo, na watoto wote wakageuka kumtazama. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na madhabahu, nikiona visogo vyao tu. Ilimpasa mke wangu kuchukua kigoda na mwavuli na kwenda kuketi naye, mimi sikusogea.

Karamu ilirudiwa mara chache, kisha mwalimu akapata uhamisho. Bibi alirudishwa kundini baadaye, mumewe alipokwisha kufariki. Ni mimi niliyempa mkate na divai, na hatukuizungumzia siku ile, wala siku hiyo wala nyingine. Vile vitabu vilibaki katika kabati la sakristia, pamoja na jozi moja ya masikio ya boksi, hata panya walipoyamaliza.