Pampu za Mzunguko wa Maji kwenye Tangi la Matumbawe: Zilikotoka na Namna ya Kuchagua Yako

Wengi mmezoea kunisoma nikiandika juu ya mabwawa ya sato na kambale. Leo naomba tukae kwenye maji chumvi, kwa sababu kuna deni nadaiwa.

Miaka mitatu iliyopita mzee mmoja mstaafu, aliyefanya kazi melini kwa muda mrefu, alinipigia simu. Sebuleni kwake alikuwa na tangi la kioo la lita 250, na ndani yake vipande vya matumbawe vilivyooteshwa kwenye matangi na kuingizwa nchini kwa kibali. "Bwana Samaki," aliniambia, "haya matumbawe yananyong'onyea. Ninunue pampu gani?"

Nilimjibu kama ninavyowajibu wenye mabwawa: maji yakikosa hewa, ongeza nguvu. "Mzee, chukua kubwa kuliko zote zilizopo dukani."

Alichukua. Baada ya wiki mbili aliniita nikaone. Tumbawe lililokuwa mbele ya mdomo wa pampu lilikuwa limechunika nyama, mfupa mweupe uko nje. La upande wa pili lilikuwa limefunikwa na uchafu, kana kwamba hakuna pampu kabisa. Mzee hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mwanangu, chuoni mlifundishwa matumbawe?" Nikamwambia ukweli: hapana.

Nilirudi kusoma. Nikakuta kwamba kosa langu lina historia ndefu, na kwamba ukiijua historia hiyo, kuchagua pampu kunakuwa rahisi zaidi.

Ndoo na dirisha, London 1846

Mmoja wa watu wa kwanza kuweka matumbawe hai nyumbani kwa muda mrefu alikuwa mama wa Kiingereza, Anna Thynne. Mwaka 1846 aliyachukua kutoka pwani ya Torquay, akaenda nayo London. Hayakuwa matumbawe ya bahari ya joto kama ya kwetu, yalikuwa ya maji baridi, lakini shida yake ilikuwa ileile: maji yakitulia, mnyama anakufa.

Umeme wa nyumbani haukuwepo. Mtumishi wake wa ndani alikuwa akimimina maji kutoka chombo kimoja kwenda kingine, mbele ya dirisha lililo wazi, kwa dakika 30 hadi 45 kila siku. Kwa hiyo pampu ya kwanza ya matumbawe ya nyumbani ilikuwa mikono ya binti wa kazi. Lengo lilikuwa kuyapa maji hewa. Shika hilo neno hewa, maana ndilo lililotuongoza na kutupotosha kwa miaka zaidi ya 100.

Mvuke na bomba

Baada ya hapo yakaja matangi makubwa ya maonyesho. Bingwa wa kazi hiyo alikuwa William Alford Lloyd, aliyesimamia tangi la Hamburg lililofunguliwa mwaka 1864, kisha lile la Crystal Palace, London, mwaka 1871. Alijenga kisima chenye giza chini ya jengo, akatumia mashine za mvuke kupandisha maji mchana na usiku, yapite kwenye matangi na kurudi chini. Mfumo wa namna hiyo ukaenda hadi Naples, Italia, kwenye kituo cha Anton Dohrn.

Huu ndio msingi wa mzunguko tunaoutumia mpaka leo. Ila angalia: kazi ya mzunguko wa Lloyd ilikuwa kusafisha na kupooza maji. Maji yalipita kwenye tangi. Hayakuwa yakimpiga mnyama kama wimbi linavyompiga mwambani.

Viputo vya Jakarta

Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, aliandika katika jarida la wafugaji wa samaki wa mapambo namna anavyofuga samaki na matumbawe bila mashine kubwa. Aliweka mawe hai kutoka baharini, yaani mawe yenye bakteria na viumbe wadogo, pamoja na viputo vya hewa vinavyopanda taratibu. Viputo vikipanda vinavuta maji, na maji yanazunguka.

Wengi nchi za baridi walijaribu wakashindwa. Lee alikuwa na maji safi ya bahari na jua la tropiki karibu. Funzo hapa ni kwamba kifaa kidogo kinaweza kutosha, kama vitu vingine vyote viko sawa.

Mdomo mwembamba

Ujerumani ndiko kazi ya pampu za nyumbani ilikokua. Kampuni za Eheim na Tunze zilitengeneza vifaa vya umeme vinavyofaa sebule, na miaka ya 1970 na 1980 pampu ndogo za kuzamisha majini zikaenea. Ndani yake mna sumaku inayozungusha kijigurudumu chenye mapezi, maji yanavutwa na kusukumwa kutoka kwenye mdomo mwembamba.

Pampu hizo zilikuwa imara, lakini zilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ni umbo la mkondo: mwembamba na mkali, kama maji ya mpira uliobanwa kwa kidole. Ya pili ni umeme: pampu ya lita kama 1,000 kwa saa ilikula karibu wati 20, na wati zote zinazoingia kwenye pampu iliyozama zinaishia kuwa joto ndani ya maji.

Pampu aliyoinunua mzee wangu ilikuwa ya aina hii, tena kubwa. Nilimpeleka mwaka 1980 bila kujua.

Waliorudi kutazama wimbi

Wakati huohuo wapo waliojiuliza swali jingine: baharini maji yanatembeaje? Jibu ni kwamba yanakwenda na kurudi, yanatulia, yanakuja kwa kishindo, hayana njia moja.

Walter Adey wa Smithsonian, Washington, alijenga mwamba wa matumbawe ndani ya jumba la makumbusho mwaka 1980, akatumia ndoo zinazojaa na kupinduka ili zitengeneze wimbi. Bruce Carlson wa Waikiki Aquarium, Hawaii, alibuni tangi dogo la juu linalojaa taratibu, kisha linajimwaga kwa mkupuo kupitia bomba lililopinda, bila mota ndani ya tangi la wanyama. Mwaka 1987, mjini Townsville, Australia, lilifunguliwa tangi kubwa la matumbawe lenye mashine ya mawimbi.

Sababu ya haya yote iko kwenye mwili wa tumbawe. Juu ya ngozi yake kuna utando mwembamba wa maji yasiyotembea. Oksijeni, chakula na uchafu wake vyote lazima vipenye utando huo. Mkondo ukipita vizuri, utando unakuwa mwembamba na mnyama anapumua. Mkondo ukikosekana, unakuwa mnene. Samaki wa bwawani akikosa hewa anapanda juu kutweta, nawe unamwona. Tumbawe halina miguu wala mapezi. Linasubiri maji yalifuate.

Mwaka 2001 Takashi Nakamura na Robert van Woesik walichapisha kazi yao ya Okinawa, Japani, iliyoonyesha kwamba matumbawe yaliyo kwenye mkondo wa kasi yalistahimili joto na jua kali kuliko yale ya maji yaliyotulia. Sisi wa maeneo ya joto tuliweke hilo kichwani.

Pangaboi

Mabadiliko makubwa yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tunze walitoa pampu inayotumia pangaboi, kama feni, badala ya mdomo mwembamba. Maji mengi yanasukumwa kwa upana, kwa upole, na kwa umeme kidogo. Baadaye kampuni ya EcoTech Marine ya Pennsylvania, Marekani, ilitoa pampu ambayo mota yake inakaa nje ya kioo, na sumaku inazungusha pangaboi lililo ndani. Joto la mota likabaki nje. Vikafuata vidhibiti vinavyobadilisha kasi, pampu ikawa inatoa mawimbi.

Ilichukua zaidi ya miaka 150 kutoka dirisha la Anna Thynne mpaka hapo.

Sasa wewe uchague vipi?

1. Anza na mnyama. Matumbawe laini yanahitaji jumla ya mara 10 hadi 20 ya ujazo wa tangi kwa saa. Matumbawe magumu yenye matawi yanataka mara 20 hadi 40. Tangi la lita 250 lenye matumbawe laini, ukichukua mara 16, ni lita 4,000 kwa saa.

2. Gawa kwa mbili. Pampu mbili za lita 2,000 ni bora kuliko moja ya 4,000. Zielekezane kwa mshazari ili mikondo igongane na kusambaa. Moja ikifa, nyingine inabaki.

3. Chagua pangaboi. Pampu ya mdomo mwembamba iachie kazi ya kupandisha maji kwenye chujio. Usilielekeze pangaboi moja kwa moja kwenye tumbawe lililo karibu.

4. Soma wati. Pampu ya wati 20 ikikesha mwezi mzima inakula uniti 14 na zaidi kidogo. Ya wati 5 inakula uniti 3.6. Tofauti hiyo ni fedha yako, na ni joto linaloingia majini.

5. Fikiria umeme ukikatika usiku. Usiku tumbawe halitengenezi oksijeni, linaitumia tu, na samaki nao wanaitumia. Pendelea pampu ya volti 12 au 24 inayoweza kuunganishwa na betri. Ukishindwa, weka pampu ndogo ya hewa ya betri.

6. Usalama. Waya ushuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lisiingie. Chomoa kabla ya kuingiza mkono. Hakikisha hakuna shaba inayogusa maji, inaua matumbawe. Ukifuga anemoni, funika pangaboi kwa kizuizi, anatembea na anaweza kunyonywa.

7. Usafi. Kila baada ya miezi miwili au mitatu loweka pampu kwenye maji yenye siki kuondoa chokaa, kisha isuuze vizuri. Pampu chafu haitoi lita zilizoandikwa kwenye boksi.

Na jambo la sheria: usivunje tumbawe baharini kwa ajili ya tangi lako. Muone kwanza afisa uvuvi wa wilaya yako.

Mzee wangu sasa ana pangaboi mbili ndogo na betri chini ya meza. Lile tumbawe lililochunika halikupona. La upande wa pili lilisafishika na linafungua vidole vyake kila asubuhi. Nilipompelekea maelezo haya ayasome kabla ya wengine, alinijibu: "Sasa umefundishwa." Deni langu nimelilipa nusu, nusu nyingine lilipe wewe kwa kutorudia kosa langu.

Nakutakia ufugaji mwema.